Mtwara na Lindi, nile wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayefika kusini na njaa yake: mtumishi aliyehamishiwa Mtwara, mwanafunzi wa chuo, dereva wa lori la korosho, aliyekuja harusini Lindi. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kila msimu na watu wanaoshuka stendi. Nimeyajibu kwa kadiri ninavyokula mwenyewe, na pale nilipo na upendeleo nimeuacha uonekane.

Mbona hutaji majina ya migahawa?

Kwa sababu vyakula bora vya huku vinamfuata mpishi, havifuati bango. Mama lishe akihama Majengo akaenda Chuno, wateja wanahama naye, na anayechukua kibanda chake anarithi meza na mabenchi tu. Nikikuandikia jina leo, mwakani utafika ukute fundi pikipiki. Kwa hiyo nitakutajia mtaa, saa na sahani. Hoteli chache zilizosimama miaka mingi nitazitaja.

Kuna sababu nyingine. Kusini kila chakula kina wakati wake. Pweza ana siku zake za mwezi, ming'oko ina miezi yake, mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yana msimu, biriani ina siku ya wiki. Ukifika mahali pazuri kwa saa isiyo yake utaondoka ukisema Mtwara hakuna chakula, nami nitaumia kusikia hivyo. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi usiulizie orodha. Salimia, kisha uliza: "Shikamoo mama, leo kuna nini?" Jibu la swali hilo ndilo la kuagiza.

Nimefika Mtwara jioni hii, nianzie wapi?

Oga, pumzika, toka baada ya magharibi. Mitaa inayozunguka soko kuu na ile ya Majengo na Magomeni ndiyo yenye moto wakati huo: meza za pweza, majiko ya mishikaki, makarai ya mihogo na chipsi, wauza kahawa. Anza na kikombe cha supu ya pweza, pilipili na ndimu juu. Kisha tafuta wali wa nazi na samaki wa kukaanga, au mishikaki na ndizi za kuchoma kama umechoka na samaki. Malizia kwa kahawa chungu na kashata kwenye kijiwe chochote chenye wazee. Wazee hawakai kijiweni penye kahawa mbaya.

Ukitaka utulivu, upepo wa bahari na kiti chenye mgongo, nenda Shangani. Huko ndiko ziliko hoteli nyingi. Utakula vizuri, ila utasubiri.

Samaki wazuri wako wapi?

Feri, Shangani. Ndipo vyombo vinapotua na ndipo wanawake wanaokaanga samaki wa kuuza mitaani wanaponunulia. Unaweza kuchagua samaki wako pale pale ukampa mkaangaji, ukala na muhogo au chapati huku boti zikivuka kwenda Msangamkuu. Nenda asubuhi. Jioni kuna samaki pia, lakini waliobaki wameshachaguliwa na watu wengi kabla yako.

Kumjua samaki mbichi si kazi ngumu. Jicho liwe angavu na limetuna, mashavu yawe mekundu ukiyafunua, nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Sasa lipo jambo ambalo watu wa mbali hawalifahamu: pwani yetu ya kusini imeumizwa sana na uvuvi wa baruti. Samaki wa baruti nyama yake imelegea, damu imevilia ndani, na mara nyingi uti wa mgongo umevunjika ingawa ngozi ni nzima. Ukimpasua ukaona hivyo, mrudishe na useme kwa nini. Mlipuko mmoja unavunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na mtoto wa mvuvi ndiye atakayekosa mahali pa kutega. Mnunuzi ana nguvu kubwa hapa kuliko anavyodhani.

Kuhusu aina: changu na tasi ni wa kukaanga, wakauke mpaka mapezi yatafunike. Nguru ni wa nazi, na miiba yake ni michache, hivyo watoto wapewe huyo. Jodari ni wa kuchoma; mpishi akimkaanga anakauka kama ubao. Kolekole anakubali kila kitu. Ngisi asipikwe muda mrefu, na ukiletewa ngisi anayevutika kama mpira ujue mpishi alikuwa akipiga soga.

Kamba kochi mwenye mayai tumboni usimnunue, hata kwa bei ya kutupa. Nyama ya kasa ukiletewa kwa siri, kataa: kasa analindwa na sheria.

Wakati wa upepo wa kusi, hasa katikati ya mwaka, bahari inachafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Samaki wanapungua na bei inapanda. Kaskazi ikiingia mambo yanalegea.

Pweza mzuri nitampata siku gani?

Tazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, na kwetu kupwa kwake kukubwa huangukia kuanzia kama saa tatu au nne asubuhi. Hapo miamba inaachwa wazi, akina mama na vijana wanashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza mashimoni. Jioni ya siku hiyo ndiyo ya kwenda mezani. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo bahari haitoki mbali, pweza wanaopatikana ni wa kuzamia au wa barafu, na utaujua utofauti kwenye mchuzi kabla hujafika kwenye nyama.

Pweza hupigwa kwanza kwenye jiwe au kwa rungu ili alainike. Asiyepigwa vizuri hata achemshwe mpaka usiku wa manane atabaki mgumu. Mezani utauziwa kwa vipande: mkono ni mtamu kuliko kichwa, na ncha ya mkono, pale vinyonyeo vinapokuwa vidogo, ndiyo sehemu ninayoipenda mimi. Akipikwa nazi aliwe na wali mweupe au ugali wa muhogo.

Kilwa, hasa Songo Songo, wanakijiji wamekuwa wakifunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanaifungua kwa pamoja. Ukiwa upande ule, ulizia siku ya kufungua. Pweza wa siku hiyo ni wakubwa kweli.

Nataka chakula cha wenyeji, cha Kimakonde hasa. Mghahawa gani?

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea njia. Chakula cha upande wa bara, cha Newala, Tandahimba na Masasi, hakijazoea kuandikwa kwenye ubao wa hotelini. Kipo majumbani, magengeni na kwenye mabeseni ya wanawake stendi. Mjini Mtwara wapo mama lishe wanaokipika mchana, na utawakuta zaidi karibu na masoko kuliko kwenye barabara kubwa.

Anza na ming'oko. Ni viazi vya porini, vyembamba, vinachimbwa kiangazi na akina mama wanaojua mtambaa wake ulipo hata majani yakiwa yamekwisha kukauka. Inachemshwa na chumvi, inauzwa mafungu mafungu ikiwa bado ya moto. Unaimenya kwa vidole na meno, unakula na chai au bila kitu. Hakuna anayeilima kwa ukubwa, kwa hiyo ukiiona inunue, kwa sababu kesho yule mama anaweza asije. Kwa wazee wengi wa kusini ming'oko ndiyo iliyowavusha miaka ya njaa. Sasa vijana wanailia raha, na mimi nafurahi kwamba haikutupwa.

Baada ya hapo, ugali wa muhogo. Muhogo unamenywa, unaanikwa, ukikauka unaitwa makopa, unatwangwa unga. Ugali wake ni wa kijivu kidogo, unavutika, una harufu yake. Wa mahindi huku upo kila mahali, ila samaki wa mchuzi wa nazi amezaliwa kwa ajili ya huu wa muhogo. Ukiula mara ya kwanza usiutafune sana: kata tonge dogo, chovya, meza.

Mboga yake ni kisamvu. Majani machanga ya muhogo yanatwangwa kinuni, yanachemshwa muda mrefu (hilo ni la lazima, kwa sababu majani mabichi yana sumu), halafu yanaungwa kwa tui la nazi pamoja na karanga au korosho zilizosagwa. Kisamvu cha korosho ndicho chakula ambacho ningemwekea mgeni wangu kabla ya kingine chochote. Uzito wake unatoka kwenye korosho, utamu kwenye tui. Mahali pengine nchini wanaweka karanga tu kwa sababu korosho ni ghali. Huku tunakaa juu ya korosho zenyewe.

Na mbaazi. Mikoa yetu miwili inalima mbaazi nyingi mno, na kwa miaka mingi mnunuzi wake mkubwa amekuwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wakabaki na magunia ndani. Tangu hapo nikiona mgeni anasukuma sahani ya mbaazi pembeni akisubiri nyama, nasikitika. Mbaazi za nazi zilizoiva mpaka zinapasuka, na chapati pembeni, ni mlo kamili.

Ni kweli huko wanakula panya?

Ndiyo, panya wa shambani, hasa vijijini upande wa bara wa mikoa hii, na ni chakula cha heshima kwa wanaokila. Si panya wa nyumbani. Wanatafutwa mashambani wakati wa kiangazi, wanakaushwa kwa moto. Hutawakuta mghahawani, na si kila mtu wa kusini anawala. Waislamu wengi hawagusi. Ukialikwa mahali ukawekewa, kula au kataa kwa adabu. Kupiga picha na kucheka ni kumtukana mwenyeji.

Pilau na biriani?

Ijumaa, baada ya swala. Siku nyingine biriani utaipata, lakini Ijumaa ndiyo siku ambayo mpishi ameamka nayo. Fika mapema, maana ikifika saa nane sufuria linakwanguliwa. Ulizia kama nyama na rojo vimepikwa mbali na wali. Vikiwa vimechanganywa tangu jikoni hiyo ni pilau imevaa rangi. Pilau yenyewe nzuri kuliko zote iko kwenye harusi na maulidi, na kusini mtu hafukuzwi kwenye sinia.

Vyakula vya Kihindi vipo?

Vitafunwa vipo, na ni vizuri: bajia za dengu, kachori, sambusa, na chachandu ya nazi au ya ukwaju. Familia za wafanyabiashara wenye asili ya India zimekaa Lindi, Mikindani na Kilwa Kivinje tangu kabla ya ukoloni, na mapishi yao yameshakuwa ya kila mtu. Anayekaanga bajia leo ni dada wa Majengo. Mghahawa wenye orodha ndefu kama wa Dar es Salaam usiutarajie.

Nyama choma je? Na kitimoto?

Nyama imekuwa rahisi kuliko zamani. Kusini ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu, sehemu yao wakaletwa Kilwa na Lindi, na mifugo yao ikaja nayo. Hilo limeleta ugomvi wa ardhi na wakulima ambao haujaisha, na pia limeleta nyama kwenye mabucha ya miji yetu.

Mtwara mjini, baa zenye majiko ya nje ndizo zinazochoma. Chagua kipande chako buchani mwao kabla hakijawekwa motoni, na uwaambie wasikate vipande vidogo. Mbuzi ni bora kuliko ng'ombe katika hali nyingi. Nangwanda Sijaona ikiwa na mechi, majiko ya jirani na uwanja huwashwa mapema, na nyama inayochomwa kwa wingi haikai, kwa hiyo inakuwa laini.

Kitimoto ipo kwenye baa zake, mbali kidogo na mitaa ya kati, zaidi Masasi ambako Wakristo ni wengi. Miji yetu ya pwani ni ya Waislamu wengi, kwa hiyo usiiulizie kwa mama lishe. Ni kumvunjia heshima.

Wenzetu wa Kilimanjaro waliofungua baa na hoteli ndogo huku wanapika mtori na machalari, hasa asubuhi ya Jumapili. Ndizi zinatoka mbali, ndiyo maana bei iko juu ya ulivyozoea Moshi.

Familia inataka pizza, tambi, vitu vya Kizungu.

Hoteli za Shangani zinavyo. Ukiwa na mchana mzima nenda Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Pale kuna Old Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli, kilimani juu ya ghuba, na chini ufukweni kuna hoteli ndogo ya Ten Degrees South. Piga simu kabla hujaondoka, uagize kabisa. Jikoni za namna hii huku huanza kupika ukishafika, na mtoto mwenye njaa hawezi kuangalia ghuba kwa saa nzima. Kabla au baada ya chakula tembea kwenye vichochoro vya mji mkongwe, penye milango ya kuchongwa na kuta za matumbawe zinazobomoka. Nunua mihogo ya kukaanga kwa watoto wa pale, wale wenu wataiacha pizza.

Chakula cha Kichina au cha Kitaliano chenyewe, kilichopikwa na mtu wa huko, sikushauri ukitafute huku.

Sili nyama wala samaki. Nitateseka?

Hapana, huku ni rahisi kuliko Arusha. Mbaazi, kunde, choroko, kisamvu, mchicha wa nazi, matembele, bamia, wali wa nazi, mihogo, magimbi, viazi vitamu. Hatari iko kwenye dagaa: mpishi wa kusini akisema "mboga ya majani tu" anaweza kuwa ametia dagaa kidogo kwa ajili ya ladha, na kwake hiyo si samaki. Uliza waziwazi: "Mama, humu hakuna dagaa?" Maharage mara nyingine hupikwa kwa supu ya nyama, uliza pia.

Nina mzio wa karanga na korosho.

Hili lichukulie kwa uzito mkubwa. Karanga na korosho zilizosagwa huingia kwenye kisamvu, matembele, mchicha, hata kwenye mchuzi wa kuku, na hazionekani kwa macho. Usiulize "kuna korosho?" ukaridhika na kutikiswa kichwa. Mweleze mpishi kwamba ukila kidogo tu unaweza kushindwa kupumua. Wapishi wetu wakielewa kwamba ni suala la uhai wanakupikia pembeni. La sivyo kaa kwenye samaki wa kuchoma na wali mweupe, na tembea na dawa yako. Wenye mzio wa kamba na ngisi wajue kwamba karai la mafuta la Feri halichagui: kilichotangulia humo hukijui.

Asubuhi watu wanakula nini?

Chai ya rangi yenye tangawizi, na kitu cha kushika mkononi: vitumbua, maandazi, chapati, mihogo ya kuchemsha. Vitumbua vya huku ni vya mchele na nazi, na vya kwanza kutoka kikaangoni ndivyo vya kula, saa kumi na mbili na nusu, kingo zikiwa bado zinavunjika. Mbaazi na chapati ni kwa mwenye kazi nzito. Supu ya samaki ipo kwa aliyelala vibaya.

Lindi nako kuna cha kula, au nipite tu?

Usipite. Wengi wanaifanya Lindi kuwa mahali pa kuchimba dawa njiani, na wanakosa mji ambao, kwa samaki, naupa nafasi mbele ya Mtwara. Umetulia, watu ni wachache, samaki hana safari ndefu kati ya chombo na jiko.

Shuka ufukweni jioni, upande yanakofikia maboti ya Kitunda. Kuna wachomaji, kuna pweza, kuna mihogo, na bei haijajifunza ukubwa. Agiza samaki mzima wa kupaka kama mpishi ana nafasi: anachomwa nusu, anapakwa tui zito lenye kitunguu saumu, pilipili na ndimu, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Kazi hii haiharakishwi. Mpe saa nzima, zungumza na watu. Wenyeji wa Lindi ni wakarimu kwa mazungumzo, na ukiwaamkia vizuri watakutajia hata jirani yao anayepika vizuri kuliko wao.

Lindi ndiko pia kwa ufuta. Mkate wa ufuta wa moto, uliopikwa kwenye chungu au kikaango cha mkaa, ufuta umejaa juu, unauzwa jioni na unakwisha haraka. Ukiupata na supu ya pweza umemaliza.

Kwa mwenye kutaka wingi wa aina, Mtwara ni kubwa zaidi na imechanganya watu: bandari, gesi, kiwanda cha saruji cha Dangote na vyuo vimeleta watu wa kila kabila na majiko yao. Masasi kwa kuku wa kienyeji na nyama. Nachingwea na Ruangwa kwa mama lishe wa sokoni, hasa siku za gulio.

Ramadhani nitakula wapi mchana?

Hoteli za wageni zinapika, na baadhi ya migahawa inafungua nyuma ya pazia. Ingia ndani ule, usile ukitembea barabarani, na usivute sigara mbele ya watu waliofunga.

Lakini ukija Ramadhani, njaa yako iahirishe mpaka magharibi. Ndio mwezi bora wa chakula pwani yetu. Futari ni uji wa pilipili manga, tende, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, kalimati. Kuanzia saa kumi jioni mitaa inajaa mabeseni, na mtu asiye na familia mjini anaweza kununua futari kamili kwa vipande vipande kutoka kwa wapishi mbalimbali. Mgeni akionekana peke yake wakati wa adhana huitwa. Ukiitwa, nenda.

Msimu wa korosho unabadilisha nini?

Kila kitu. Mavuno yanaanza kushika kasi Oktoba, minada ya stakabadhi ghalani inafuata, na fedha zikiingia mikononi mwa wakulima, baa na migahawa ya Newala, Tandahimba na Masasi inafurika. Kuku wanaadimika, vyumba vya kulala wageni vinajaa. Ukija miezi hiyo kula mapema.

Ndio pia msimu wa mabibo. Kula bibo bichi ukiwa umeinama, maji yake hayatoki kwenye nguo. Juisi yake ikichujwa vizuri ina utamu wenye ukakasi kidogo. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kimekuwa kikifundisha watu kusindika juisi na jamu za mabibo badala ya kuyaacha yaoze chini ya mikorosho, na ukiona chupa zake nunua. Uraka ni maji ya mabibo yaliyochachushwa. Ya siku ya kwanza ni laini, ya baadaye yanaangusha. Gongo iache. Ni haramu kisheria, na huwezi kujua kilichomo.

Nitajuaje kibanda ni kisafi?

Chakula kiwe kinatoa mvuke. Mafuta ya karai yawe na rangi ya chai ya rangi, yakishakuwa kama kahawa ondoka. Kuwe na maji ya kunawa yanayotiririka, na sabuni. Tazama wanaokula: bodaboda, wapakia mizigo na walimu wakiwa benchi moja, kaa. Kachumbari iliyoshinda juani usiile, hata pahali papendwe vipi.

Bei zikoje?

Wali na mboga kwa mama lishe ni nafuu kuliko Dar. Samaki anategemea ukubwa na bahari ya siku hiyo, kwa hiyo patana kabla hajaingia kwenye mafuta, na ulize kama bei ni pamoja na kukaanga. Akishaiva huna la kupatana. Hotelini bei imeandikwa. Chenji ndogo beba mwenyewe.

Naondoka na basi la alfajiri kwenda Dar. Nibebe nini, na nile wapi njiani?

Usiku uliotangulia nunua chapati na vitumbua uvifunge, maana mabasi huondoka kabla majiko mengi hayajawaka. Njiani Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko, ndipo penye wali na nyama ya haraka. Somanga subiri dirishani: wanakuja na samaki wa kukaanga, kamba na korosho. Nunua samaki aliyekauka vizuri, na muombe akufungie ndimu na pilipili pembeni, si ndani.

Korosho za kupeleka nyumbani zinunue Mtwara au Lindi kabla ya kupanda. Omba uonje. Iliyo nzuri ni nyeupe, nzima, inavunjika kwa sauti, haina harufu ya mafuta yaliyolala. Zilizobanguliwa kwa moto wa mkaa zina madoadoa meusi na ladha ya moshi. Hizo ndizo nawapelekea ndugu zangu. Zikiwa zimetiwa chumvi tangu dukani hazikai muda mrefu, nunua za kavu, chumvi utatia mwenyewe.